Maswali yenu: chekechea zilipofungwa kwa ajili ya korona, mashirika yalitusaidia nini?

Haya, watoto walirudi shule tarehe 4 Januari 2021 na inboksi yangu ikajaa. Najibu nilivyoona mimi, nilifundisha chekechea miaka mingi.

*Shirika la watoto lilituletea unga na sabuni, kitabu hata kimoja hakuna. Si ni watu wa masomo hao? (Mama, Likoni)*

Ndio ni wa masomo, dada, lakini kumbuka 2020 ilivyokuwa. Mwezi wa tatu shule zikafungwa, ikaja kafyu, Aprili Mombasa hutoki huingii, Mei Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake. Wa vibarua, wa mahamri, wa kufulia watu nguo, wote wako ndani, na kuna watoto uji wa shule ndio kilikuwa chakula chao cha uhakika. Sasa umletee mamake kitabu cha kupaka rangi, si atakutazama tu! Wenye akili waliuliza kwanza kama mumekula. Wengine wakatuma hela kwa M-Pesa na mimi naona hiyo ndio bora, manake hupigwi picha na gunia (aibu hiyo wacha tu).

*Simu ni moja, ya baba, na hutoka nayo asubuhi. Hayo masomo ya simu yalikuwa ya nani? (Changamwe)*

Ya wenye Wi-Fi, tuseme ukweli. Na mtoto wa miaka minne, mbele ya mwalimu wa kwenye skrini, dakika kumi hamalizi. Walimu wajanja wakashuka chini, meseji ya kawaida jioni baba akisharudi, ama sauti fupi ya WhatsApp: leo hesabuni vizibo vya soda, kesho pangeni viatu vya nyumba nzima kuanzia kikubwa, ukimenya viazi mwambie atenge vikubwa na vidogo. Bibi naye kapewa kazi, kitendawili! tega! hiyo ni lugha na ni kufikiri, tena haili bando. Na simu ya mwalimu ilianza na hali ya mama mwenyewe, siku nyengine mama alilia tu, masomo hayakuguswa, sawa pia.

*Wangu bado yuko PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea), amesahau hata kushika kalamu. Nimpeleke tuisheni?*

Usimpeleke. Wote waliporudi waliendelea pale pale walipoachia. Mpe donge la unga afinyange, vidole vitarudi.

*Mshahara wangu ni karo za wazazi. Zilipokatika nikauza viazi karai, hakuna aliyetukumbuka? (Mwalimu, Kisauni)*

Wachache, mwalimu wangu, na hapa ndipo mashirika mengi yalinikera. Mwalimu ndiye anayejua mtoto yupi baba kaachishwa kazi, mpe posho kidogo na kredit apigie familia zake, lakini shirika wewe wachapisha mabango ya kunawa mikono kwenye nyumba ambazo maji ya mfereji hayafiki! Wakija tena waulize posho ya mwalimu iko fungu gani. Na karai usiiuze bado, karo sioni zikija mbio.