Wawindaji wa Tendaguru

SWALI: Tendaguru, mkoani Lindi, inasifika kwa mifupa ya dinosaria wakubwa waliokula majani. Je, hapakuwa na dinosaria wawindaji, waliokula nyama?

JIBU: Walikuwapo, miaka milioni 150 hivi iliyopita, ingawa mabaki yao ni machache mno. Anayejulikana zaidi ni Elaphrosaurus, mwenye urefu wa mita 6 hivi na shingo ndefu, ambaye mifupa yake ilichimbuliwa na msafara wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913, kisha Werner Janensch, mtaalamu wa visukuku, akampa jina mwaka 1920. Fuvu lake halijapatikana, na kwa kuwa shingo yake ni dhaifu, na jamaa yake wa China, Limusaurus, alikuwa akipoteza meno alipokua, baadhi ya wataalamu wanaona huenda hakutegemea nyama. Mwindaji hasa ni Veterupristisaurus, aliyetambuliwa mwaka 2011 kutokana na pingili za mkia zilizokaa Berlin karibu karne nzima. Kazi hiyo yote, kwa maoni yangu, haisimuliwi kwa haki bila kuwataja wachimbaji na wapagazi wenyeji, akiwamo msimamizi wao Boheti bin Amrani, waliofikisha mifupa hiyo bandarini Lindi kwa miguu.