Osha Kwanza: Ushauri kwa Anayetaka Kuanza Kuunda Sanamu za Anime

Sketi ya sanamu ilibanduka rangi yote. Nilikuwa navuta tepu ya karatasi polepole kwa kibano, vilevile ninavyovuta kioo cha simu kilichopasuka, na rangi ya buluu niliyoipaka kwa siku tatu ikaja na tepu kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake resini, ile plastiki ya kumimina, iling'aa kama siku nilipoitoa kwenye mfuko. Nilibaki nimeishika pale kibandani kwangu Mwanga, Kigoma, mpaka mteja aliyekuwa anasubiri akaniuliza kwa sauti ya msiba, "Fundi, ndiyo imekufa?" Alidhani naiombolezea simu yake.

Sikuwa nimeosha. Kosa lenyewe ni hilo tu. Tangu siku hiyo nimemaliza sanamu 11 za anime, yaani wahusika wa katuni za Kijapani, nimeharibu 3, na kila mara kijana akinijia na seti yake mpya akitaka nimwelekeze rangi ya nywele au ya macho, namuuliza kwanza kama ameshaosha. Wengi hawajaosha.

Nasema "seti" makusudi. Ukitamka lile neno la Kiingereza, "kit", kwa matamshi yetu, mtu wa Kigoma anakuvutia kiti ukae.

Ukifungua boksi unakuta vipande vya rangi ya pembe ya ndovu au nyeupe, kumi hadi thelathini na zaidi: kichwa, mikono, mafundo ya nywele, vikunjo vya sketi, na karatasi yenye picha ya sanamu iliyokamilika. Rangi hamna, gundi hamna, na maelezo mara nyingi ni Kijapani. Mambo haya yalianza Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakichonga wahusika waliowapenda na kumimina resini nyumbani au gereji, kwa sababu viwanda havikuwatengenezea. Mpaka leo wachongaji wengi huuzia kazi zao kwenye tamasha la Wonder Festival, linalofanyika mara mbili kwa mwaka huko Makuhari Messe, Chiba. Wenye haki za mhusika huwapa wachongaji hao kibali cha siku moja tu. Kwa hiyo kuna seti zilizouzwa siku moja na basi, na wajanja wakaona biashara: wananunua moja, wanaitengenezea kalibu, wanamwaga kopi. Seti yangu ya kwanza, niliyoagiziwa na binamu yangu wa Dar, ilikuwa kopi na sikujua. Resini husinyaa kidogo inapoganda, hivyo kopi huwa ndogo kuliko mama yake, maungio hayakai sawa, na vidole vinakuwa butu kama mishumaa iliyoyeyuka. Ukiona bei ya chini mno, jua unalipia kazi ya msasa. Na mchongaji hapati hata senti.

Haya, kuosha. Resini humiminwa kwenye kalibu ya silikoni, na ili kipande kitoke bila kung'ang'ania, kalibu hupuliziwa kilainishi chenye utelezi. Utelezi huo unabaki juu ya kipande. Huuoni, lakini rangi inauona. Mimi naloweka vipande kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo usiku kucha, asubuhi nasugua kila kimoja kwa mswaki wa zamani, hasa kwenye mikunjo, nasuuza, naanika kivulini juu ya taulo. Kwa kuwa kibandani nina spiriti ya isopropili ya kusafishia saketi, napitisha na pamba mara moja mwishoni. Ukimaliza, dondoshea tone la maji: likitambaa na kulowesha, umefika, likisimama duara kama juu ya jani la mgomba, rudi kwenye beseni.

Na usimwage maji ya beseni bila chujio. Nilimwaga uani mkono wa kushoto wa mtu, mdogo kama punje ya mchele, na kuku walifika kabla yangu.

Kipande kilichopinda kisikutishe. Tumbukiza kwenye maji ya moto sana ambayo hayajachemka, subiri kama dakika moja, mara nyingi kinanyooka chenyewe. Kisiponyooka, kinyooshe kwa vidole halafu kizamishe kwenye maji baridi kigande hivyo.

Kuhusu msasa nitakuwa mkali kidogo. Vumbi la resini ni laini mno, linaelea hewani na linaingia mapafuni. Wiki ya kwanza nilisugua kavu, mlango umefungwa, feni inazunguka. Usiku nikakohoa mpaka mke wangu akawasha taa. "Baba Zawadi, unga gani huo unaouvuta huko kazini?" Nilimweleza, hakuonekana kuridhika. Siku hizi nasugua kwenye maji tu, msasa wa maji namba 400, kisha 600, kisha 800, barakoa usoni hata hivyo, na tope linalobaki nalifuta kwa kitambaa kabla halijakauka likarudi kuwa vumbi. Anayekuambia haina shida kwa sababu yeye amezoea, mwache na mazoea yake.

Vitundu vya mapovu ya hewa naziba kwa poda ya mtoto iliyochanganywa na tone la supagluu. Inaganda upesi, na ukiisugua siku hiyohiyo inasuguika vizuri. Usiiache mpaka kesho, itakuwa ngumu kuliko resini yenyewe na utachimba shimo pembeni yake. Puti ya magari nayo inafanya kazi, ila inanuka nyumba nzima.

Supagluu peke yake haitoshi kuunganisha mkono na bega. Inashika sana, lakini ikigongwa inaachia mara moja. Weka pini ndani. Vitabu vya mafundi wa nje vitakwambia ununue waya wa shaba. Mimi nakwenda kwa fundi baiskeli naomba spoki zilizokatika. Spoki ina unene wa karibu milimita 2, haipindi ovyo, na hapa kwetu haijawahi kuadimika. Ugumu ni kupata matundu mawili yanayotazamana. Toboa upande mmoja kwanza kwa kidrili cha mkono, weka doa la rangi mbichi pembezoni mwa tundu, bandika kipande cha pili kwa nguvu kidogo, kitoe. Alama ya doa itakuonyesha pa kutoboa.

Baada ya hapo ni praima, rangi ya kutangulia ili rangi nyingine zishike, na hapa ndipo utajua kama ulisugua au ulijidanganya. Kila mstari wa maungio uliouacha utajitokeza kwenye ile rangi ya kijivu. Usikasirike. Rudi kwenye msasa, pulizia tena. Sanamu yangu ya nne ilirudi mara tano.

Kuhusu rangi watu wanauliza kopo gani, mimi nahangaika na unyevu. Mvua zikishaanza huku mwishoni mwa mwaka, mpaka kama Aprili hewa inalowa, na ziwa liko hapo chini. Rangi na vanishi zenye thina kali hukauka haraka sana, na kukauka huko kunapoza uso wa kipande. Mvuke wa hewani unatua juu yake kama umande, unafungiwa ndani, na unabaki ukungu mweupe. Niliipulizia vanishi isiyong'aa sanamu iliyokwisha kabisa, jioni, mvua ikinyesha, kwa sababu nilitaka kuipiga picha usiku huo. Nywele nyeusi zikawa za bibi. Niliokoa baadhi kwa kupulizia vanishi inayong'aa juu yake pole pole, lakini kisogo hakikurudi. Sasa nina sharti: miezi ya mvua naosha, nasugua na kutoboa, napulizia asubuhi kukiwa kumekauka, kuanzia kama saa nne umande ukishaondoka. Juni hadi Septemba kuna vumbi jekundu badala ya mvua, basi namwagia sakafu maji kidogo kwanza, nafunga dirisha la upande wa barabara. Halafu kuna kumbikumbi. Usipulizie usiku karibu na taa baada ya mvua, sihitaji kueleza zaidi.

Kompresa yangu ni ile ya kujazia matairi. Mwanzoni ilikuwa ikitema vijitone vya maji katikati ya kazi, nikadhani kibunduki cha rangi kimeharibika, nikakifungua na kukifunga mara kumi. Mzee mmoja anayepiga rangi magari karibu na kibanda changu alikuja kuchukua simu yake akanikuta nalaani.

"Kijana wangu, tenki ulilimwaga lini?"

"Kulimwaga nini, mzee?"

Akainama, akafungua koki chini ya tenki, yakatoka maji ya kutu karibu kikombe kizima. Hewa ikibanwa inaacha maji yake tenkini. Akaniambia pia niweke kichujio cha maji kwenye mpira, na nishushe presha. Mimi nilikuwa napuliza kama tairi la lori, wakati kazi ndogo hivi inataka kama psi 15 hadi 20. Hakunidai kitu. Aliichukua ile sanamu, akaigeuza, akasema, "Huyu naye nguo zake ni kidogo," akaondoka zake.

Ngozi ndiyo inanipa raha kuliko sehemu zote. Wajapani wengi hawapaki praima ya kijivu kwenye ngozi kabisa. Wanaiacha resini ya rangi ya pembe ionekane, au wanaweka praima isiyo na rangi, kisha wanapuliza rangi nyepesi ya chungwa au waridi kwenye mikunjo: chini ya kidevu, nyuma ya goti, kati ya vidole. Mwanga unapenya kidogo na ngozi inaonekana hai. Kivuli cha anime si cheusi. Kwenye ngozi ni chekundu, kwenye nguo nyeupe ni cha zambarau au buluu hafifu.

Lakini Zawadi, binti yangu wa miaka 7, aliniuliza kwa nini wote ni weupe, na sikuwa na jibu, nikampakia mmoja rangi yetu. Nilikosea mara mbili. Niliweka nyeusi kwenye vivuli na nyeupe kwenye sehemu za mwanga, na matokeo yake akapauka, kijivu, kama mtoto aliyetoka kuoga akakimbilia shule bila kupakwa mafuta. Dawa yake: anza na kahawia yenye wekundu ndani, vivuli vya damu ya mzee au zambarau iliyoiva, na sehemu za mwanga ongeza chungwa, si nyeupe. Viganja na nyayo viache vyepesi zaidi. Huyo ndiye pekee ambaye siruhusiwi kumuuza.

Macho, sasa. Usipake macho siku ambayo umetengeneza simu sita. Msingi wa uso uwe rangi ya thina kali, juu yake vanishi inayong'aa, kisha macho yachorwe kwa rangi ya enameli ya kupakia modeli, ambayo ukikosea unafuta na tapentaini kwa kijiti cha pamba na msingi chini yake haudhuriki. Hiyo tofauti ya viyeyusho ndiyo siri nzima. Ukigeuza mpangilio, thina kali itakula rangi iliyo chini yake. Nilijaribu rangi ya mafuta ya milango kwa kubana matumizi: ilikaa siku nne bila kukauka na ikafukia kope. Anza na weupe, kisha mstari mnene wa kope ya juu, kisha mboni, na kitone cha mwanga mwisho kabisa, juu, upande uleule macho yote mawili. Jicho la pili ndilo gumu, kwa sababu lazima lifanane na la kwanza. Mimi napiga picha kwa simu na kuigeuza kama kwenye kioo. Kengeza ambalo hukuliona kwa saa nzima linakurukia.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuziweka. Jua la dirishani linaigeuza resini kuwa ya njano, hilo wengi wanalijua. Joto ndilo walilosahau kuniambia. Nilikuwa nimeweka sanamu ya tatu juu ya kabati, chini ya bati lisilo na dari, msichana aliyesimama kwa mguu mmoja. Mwezi wa tisa alianza kuinama. Kila wiki kidogo, mpaka akawa kama anayetafuta kitu alichodondosha. Nilimrudisha kwa maji ya moto, nikapitisha spoki kutoka kwenye kibao anachosimamia kupitia kifundo cha mguu hadi karibu na goti, na sasa yuko rafu ya chini, upande wa ukuta usiopata jua. Ningeipitisha spoki hiyo kabla ya rangi, nisingelazimika kupaka mguu wote upya.