Kocha anapompoteza mtu wake katika bodi

SWALI: Ndugu Mhariri, kila tunapoizungumzia Arsenal barazani, wenzangu husema kocha Arsène Wenger aliishiwa mbinu baada ya mwaka 2004. Mimi nashuku kwamba tatizo lilianzia ofisini. Je, viongozi wanaweza kweli kuamua matokeo ya uwanjani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi, ingawa haielezi kila kitu. Wenger aliletwa Arsenal mwaka 1996 kwa juhudi za makamu mwenyekiti, David Dein, aliyefahamiana naye tangu mwaka 1989 na ambaye mwaka 1995 alikuwa amelipendekeza jina lake kwa wakurugenzi wenzake likakataliwa. Kwa miaka kumi na nusu kocha alitaja mchezaji anayemtaka, naye Dein akazungumza na klabu na mawakala, kisha akamtetea kocha mbele ya bodi. Katika kipindi hicho walitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya England mwaka 1998, 2002 na 2004, ule wa mwisho bila kupoteza hata mchezo mmoja kati ya 38.

Aprili 2007 Dein aliondoka baada ya kuhitilafiana na wakurugenzi wenzake. Wenger alibaki na mamlaka makubwa, lakini kwa maoni yangu mamlaka hayo yaligeuka mzigo, kwa sababu hakuwa tena na mtu wa kuaminiana naye ambaye angeweza kumkamilishia usajili, na pia kumwambia waziwazi pale alipokosea. Kazi hiyo ya pili husahaulika sana, nami naiona ndiyo kubwa zaidi.

Ni haki kuongeza kwamba uwanja mpya uliofunguliwa mwaka 2006 uliiachia klabu deni, na kwamba Chelsea ilikuwa ikitumia fedha za Roman Abramovich, tajiri aliyeinunua, tangu mwaka 2003, hivyo hata Dein angebaki, ushindani ungekuwa mgumu. Hata hivyo, baada ya Kombe la FA la 2005, Arsenal haikupata kombe jingine kubwa hadi 2014, na Wenger aliondoka mwaka 2018 bila kuupata tena ubingwa.

Manchester United walipatwa na jambo linalofanana na hilo mwaka 2013, kocha Alex Ferguson na mtendaji mkuu David Gill walipoondoka kwa wakati mmoja. David Moyes, aliyemrithi Ferguson, na Ed Woodward, aliyechukua kazi ya Gill, wakajikuta wote wawili ni wageni kazini katika dirisha lilelile la usajili, na Moyes akafukuzwa Aprili 2014, msimu haujaisha.