Tui Langu Hukatika Kila Nipikapo Mchuzi

SWALI: Kila nipikapo mchuzi wa samaki wa nazi, tui hukatika: mafuta huelea juu na vijidonge vyeupe hubaki chini, ilhali mama mkwe hutumia nazi zilezile na mchuzi wake hutoka laini. Nakosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, nazi haina kosa, nashuku moto na ukwaju. Tui ni mafuta yaliyochanganyika na maji kwa kushikwa na protini ya nazi, na protini hiyo ikikutana na moto mkali au uchachu mwingi huganda, mafuta yakajitenga.

Ukishakuna nazi, kamua kwanza tui zito kwa maji kidogo ya vuguvugu, uliweke kando, kisha tia maji tena kwenye chicha upate tui la pili, jepesi. Hilo la pili ndilo la kupikia vitunguu, nyanya, bizari na ukwaju, mpaka nyanya zivurugike kabisa, ndipo utie samaki, ambaye wengi humkaanga kwanza asivunjike. Viungo vikishamkolea, punguza moto, mimina tui zito, na usiondoke jikoni hata simu ikilia: koroga polepole kwa upawa, ukichota na kumimina, sufuria ikiwa wazi, hadi mchuzi uanze kutokota pembeni, kisha epua. Ukipenda uchachu zaidi, kamulia ndimu mezani.

Tui lililokwisha kukatika ni shida kulirudisha, ingawa mchuzi wake bado unalika.