Ile koni niliyokunyang'anya

Mwanangu Zuhura,

Wiki iliyopita kwenye simu uliniuliza, "Baba, siku ile kule kwenye miti mikubwa, kwa nini ulinigombeza vile kwa ajili ya koni moja ya mti?" Nikajibu kwamba sheria ni sheria, nikageuza mazungumzo. Usiku sikupata usingizi. Jibu lile halikuwa jibu.

Ulikuwa na miaka 7. Tulipiga hema Lodgepole, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, California. Asubuhi mama yako alikuvika masweta mawili, tukaenda kuutazama msekwoya uitwao General Sherman: mita 84 kwenda juu, umri zaidi ya miaka 2,000. Wewe hukuangalia juu. Uligusa gome la msekwoya mwingine kando ya njia ukasema, "Baba, kama makumbi ya nazi ya bibi!" Na kweli, lilikuwa jekundu, nyuzinyuzi tupu, linabonyea kwa kidole. Kisha ukaokota koni, kile kibebea mbegu cha msekwoya chenye magamba, mbichi ya kijani, kubwa kama yai la kuku, ukaitia mfukoni.

Nikakudaka mkono, nikapaza sauti. Askari wa hifadhi alikuwa anapita.

Niliogopa, mwanangu. Maombi yetu ya kukaa Marekani yalikuwa hayajajibiwa, na kila aliyevaa sare nilimwona ana uwezo wa kuturudisha tulikotoka. Ni kweli vitu vya hifadhini haviokotwi. Lakini mtoto huelezwa. Wewe uliirudisha chini kwa mikono miwili, kama unalaza kifaranga, na mpaka jioni hukunisemesha. Nisamehe.

Haya ndiyo niliyopaswa kukwambia. Koni ile ilikuwa na mbegu kama 200, nyepesi kama makapi ya mpunga. Inaweza kukaa mtini imefumba hata miaka 20, ikingoja. Pengine yako iliangushwa na kindi, maana hupenda kuzitafuna. Ila kinachozifumbua kwa wingi ni moto. Joto linapanda, koni zinakauka na kufunguka, mbegu zinamwagika kwenye udongo ambao moto umeusafisha. Mti wenyewe unalindwa na gome lile la makumbi, ambalo chini ya shina hufika unene wa sentimita 60.

Lakini watu walizima kila moto kwa karibu miaka 100, kuni zikarundikana msituni, ukame ukaja juu yake. Mioto ya 2020 na 2021 ilipanda hadi vileleni. Inakadiriwa iliua asilimia 13 hadi 19 ya misekwoya mikubwa ya msitu wa asili. General Sherman walilivisha shina lake karatasi za alumini, likapona. Nilipoiona picha ile niliwaza mkono wako mdogo.

Umesema unataka kumpeleka mwanao kiangazi hiki. Nami nichukue. Wekeni nafasi mapema, na mkumbuke kwamba hata dawa ya meno inafungiwa kwenye sanduku la chuma, dubu wanainusa. Mjukuu wangu akiokota koni, mwache aishike, aigeuzegeuze, aihesabu magamba. Nitachuchumaa karibu yake nimweleze yote haya, halafu tutairudisha pamoja.

Baba yako