Mleta mada, vidonge vya prednisoloni havikomazi mapafu ya mtoto tumboni

Usinunue hivyo vidonge. Soma hii kwanza, kisha uite bodaboda, bajaji, chochote.

Umeandika kwamba mkeo ana mimba ya wiki 31, chupa inavuja tangu jana usiku, uchungu bado, na muuza dawa wa mtaani kwenu amekwambia steroidi zote ni zilezile, ameze prednisoloni nyumbani wakati unatafuta hela ya hospitali. Tena unauliza ale nini ili mapafu ya mtoto yakomae, na wodi ya njiti inagharimu kiasi gani.

Sisi tuliuziwa maneno hayohayo kwenye mimba yetu ya kwanza. Muuzaji alijiamini kabisa, akasema hospitali watatupa kitu kilekile kwa bei ya kuumiza. Mke wangu akameza kwa kufuata saa, maji yanaendelea kutoka. Tulipofika hospitali uchungu umeshakolea. Alichomwa sindano moja tu, na mtoto akazaliwa muda mfupi baadaye. Aliguna kila alipotoa pumzi, kifua kinabonyea ndani, midomo ya bluu. Hatukurudi naye nyumbani.

Daktari wa watoto ndiye aliyenifafanulia. Vifuko vya hewa kwenye mapafu vina unyevunyevu ndani, na visipopakwa safaktanti, utelezi unaozuia kugandana, kuta zake hugandana kila pumzi inapotoka, kama mfuko wa nailoni uliolowa. Seli za mapafu huanza kuitengeneza mnamo wiki ya 24, ila ya kutosha hupatikana karibu na wiki ya 34 au 35. Kinachozihimiza ni kotisoli, homoni ya tezi za adrenali za mtoto mwenyewe, ambayo hupanda mimba inapokaribia kutimia. Mtoto wako huenda asifike huko, ndiyo maana mama huchomwa dawa inayofanya kazi ya homoni hiyo. Daktari mtafiti Liggins wa New Zealand aliligundua hilo kwa kondoo: mwaka 1969 aliandika kuhusu wana-kondoo waliozaliwa mapema mno na bado wakapumua. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Howie wakachapisha matokeo ya kuwachoma kina mama dawa hiyo.

Sasa prednisoloni inakwama wapi? Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachozima kotisoli ya mama isimfurike mtoto, na prednisoloni nayo huzimwa hapohapo. Inayomfikia mtoto ni kidogo mno. Steroidi za sindano, deksamethasoni na betamethasoni, ndizo zinazopenya. Yule muuzaji hakulijua hilo, na hakuona aibu kuuza asichokijua huku amevaa koti jeupe. Nikiliona koti la namna ile dukani damu inanichemka mpaka leo.

Na usiseme basi mkeo akachomwe deksamethasoni palepale dukani. Shirika la Afya Duniani limeweka masharti: umri wa mimba uwe umehakikiwa, mama asiwe na maambukizi, na pawepo huduma ya kumpokea njiti. Utafiti wao wa 2020, uliohusisha pia hospitali za Kenya, ulionyesha vifo vya watoto wachanga vikipungua, lakini ulifanyika hospitalini. Chupa iliyopasuka inahitaji pia antibayotiki na mtu wa kumpima mama joto.

Shika hili moja: saa ya mapafu huanza kuhesabiwa sindano ya kwanza inapoingia, si uchungu unapoanza. Deksamethasoni ni miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara 4. Faida yake kubwa huonekana saa 24 baada ya sindano ya kwanza hadi siku 7 hivi. Kila saa mnayokaa nyumbani inakatwa humo. Hata kama atajifungua kabla dozi haijaisha, bora ameanza.

Hela utaendelea kuitafuta akiwa ameshalazwa. Beba kadi ya kliniki na karatasi ya ultrasound ya mwanzo, na mkifika tu mwambie muuguzi ni saa ngapi maji yalianza kutoka, yana rangi gani, na kama mkeo ana homa au kisukari. Sukari hupanda baada ya sindano hizo, kwa hiyo wajue mapema.