Barabara namba 200 ya Montana haiishii mpakani

Je, barabara namba 200 ya jimbo la Montana, Marekani, inakomea Fairview, mji ulio mpakani na jimbo la North Dakota? Hapana, haikomei hapo. Ukivuka mpaka unaingia North Dakota na namba inabaki ileile, 200, kwa sababu majimbo manne jirani yanaitumia: Idaho, Montana, North Dakota na Minnesota. Ila si barabara ya taifa. Kila jimbo linatunza kipande chake.

Upande wa Montana inapita Missoula, Rogers Pass (njia ya kuvukia milima), Great Falls, Lewistown, Winnett, Jordan, Circle, Sidney, kisha Fairview. Ndani ya North Dakota inaungana kwa muda na barabara ya taifa namba 85 kupitia Watford City, halafu inageuka mashariki kwenda Killdeer, Halliday, Hazen na Pick City. Hapo inapanda juu ya bwawa la Garrison, Ziwa Sakakawea likiwa upande mmoja na mto Missouri upande wa pili. Kwangu ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Baadaye McClusky, Carrington, Cooperstown, Mayville, Hillsboro, na kuvuka Red River kuingia Halstad, Minnesota.

Ramani rasmi za barabara za majimbo hayo zinaonyesha hivyo.

Angalizo: kwenye sehemu inayoungana na 85 fuata vibao vya namba zote mbili, 85 na 200, la sivyo utapitiliza njia ya Killdeer. Na kati ya Lewistown na Jordan vituo vya mafuta ni vichache mno, jaza tangi kabla ya kuondoka Lewistown.